Kompyuta Iliyoganda Mlangoni Haijafa

Hapa petu Mbagala, mtu akiona kompyuta yake ya mapajani imekataa kufunguka, aghalabu hufanya jambo moja tu. Huitia katika mkoba, hupanda bajaji, huipeleka kwa fundi. Fundi huiwasha, hutikisa kichwa, husema: "Hii yataka kupigwa Windows." Mwenyewe huuliza bei, wakapatana, akaketi kungoja. Swali lililo kubwa kuliko bei halimtoki mdomoni, nalo ni hili: Je, vitu vyangu vilivyomo ndani vitakuwaje?

Mimi nasema kwamba desturi hii ya kukimbilia kupiga Windows ni desturi ya hasara, na katika shule kama yetu, ambayo alama za wanafunzi, barua za wazazi na karatasi za mitihani siku hizi hukaa ndani ya kompyuta, ni desturi ya hatari. Wala sisemi kwa kusikia. Likizo tatu sasa nimeshinda katika kibanda cha mjomba wangu, si mbali na Rangi Tatu, ambako yeye hutengeneza simu na laptopu. Kazi yangu ilianza kwa kufagia na kushika tochi, lakini mwenye kushika tochi huona mengi.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe, maana wengine huuchanganya na magonjwa mengine. Unabonyeza kitufe cha kuwasha. Nembo ya kampuni yatokea, nukta zazunguka, kisha waona picha nzuri ya mlima au ya bahari, pamoja na saa. Wagusa kitufe chochote, jina lako laja, na chini yake kisanduku cha kuandikia neno la siri. Hapo ndipo mambo yanaposimama. Pengine mshale haujongei na vitufe havisikii. Pengine waandika neno la siri vizuri, wabonyeza Enter, na kiduara kinaanza kuzunguka, kinazunguka, mpaka chai yako inapoa. Pengine wapita, ukakuta kioo cheusi chenye mshale mweupe peke yake, na hakuna kingine.

Basi watu husema, "Imekufa." Haijafa. Fikiri kidogo ni kazi ngapi zimekwisha kufanyika hata jina lako likaonekana. Umeme umefika, kioo chafanya kazi, kumbukumbu yafanya kazi, diski imesomwa, na Windows yenyewe imeamka kiasi cha kukujua wewe ni nani. Mgonjwa aliyekutambua na kukuita kwa jina huwezi kumpeleka makaburini. Kilichokwama ni mlango, na mara nyingi vyombo vyako vyote vimo chumbani kama ulivyoviacha. Lakini kupiga Windows, kwa namna ifanywavyo na mafundi wengi, ni kubomoa nyumba na kujenga nyingine mahali pale pale, kisha kumkabidhi mwenyewe ufunguo mpya wa nyumba tupu.

Nitatoa mfano mmoja wa mtaani kwetu, na jina la mtu sitalitaja. Mama mmoja ni katibu wa kikoba cha akina mama zaidi ya thelathini. Hisa za kila wiki, mikopo, faini za wachelewaji, yote aliyaandika katika laptopu aliyonunuliwa na mwanawe, kwa kuwa daftari la karatasi lilikwisha kuchakaa. Wiki tatu kabla ya kuvunja kikoba, yaani kabla ya siku ya kugawana fedha, laptopu ile iliganda penye neno la siri. Akaipeleka kwa fundi, ambaye si mjomba wangu, wala kibanda chake sikitaji. Jioni yake akarudishiwa, inawaka upesi, ina picha mpya, naye amelipa shilingi 20,000. Alipotafuta hesabu za kikoba hakuona kitu. Fundi akamwambia, "Mama, hukusema kama kuna vitu."

Wasomaji, ninyi mwajua fedha za kikoba ni fedha za namna gani. Ni fedha za vitumbua, za mkaa, za kufulia watu nguo. Haikupita siku mbili, maneno yakaanza kwamba katibu amekula fedha, na laptopu ni kisingizio tu. Mjumbe akaingia kati. Hesabu ikaanza kujengwa upya kutoka katika vijitabu vya wanachama, lakini vijitabu vya wengine vilikuwa vimelowa mvua, na wengine walikumbuka sana hisa zao, mikopo yao wakaisahau. Mgao ulifanyika baada ya miezi miwili badala ya wiki tatu. Wako wanafunzi wa shule hii ambao sare zao za Januari zilikuwa zikingoja mgao ule, na wako wanawake wawili ambao hata leo hawasalimiani.

Je, diski ya laptopu ile ilikuwa imeharibika? Hapana. Ndiyo hiyo hiyo iliyopokea Windows mpya, nayo yafanya kazi mpaka leo. Kwa hiyo naamini kwamba hesabu zilikuwamo, hata saa ile zilipofutwa.

Tusiwalaumu mafundi kupita kiasi. Kupiga Windows ni kazi ya saa moja hivi, haitaki kuumiza kichwa, na mteja huona kwa macho yake kwamba kitu kimebadilika. Kutafuta sababu yaweza kula nusu siku, na mwisho wake pengine ni kuondoa kitu kidogo tu, mteja akaona hakuna alicholipia. Mjomba wangu alipata kumtoza mtu shilingi 5,000 kwa kumzimia kitufe cha Num Lock, wakagombana hata wapita njia wakajaa. Lakini mtu yule alikuwa ameshinda siku mbili akisema kompyuta yake imeganda na haikubali neno la siri. Katika laptopu nyingi ndogo za zamani, Num Lock ikiwashwa, herufi U, I na O hugeuka kuwa 4, 5 na 6, na J, K na L kuwa 1, 2 na 3. Yeye aliandika neno lake sawasawa, na kompyuta ikapokea tarakimu. Kama angebonyeza ile alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku angeona mara moja alichoandika. Mimi nilikuwa upande wa mjomba: shilingi 5,000 zilikuwa za maarifa, si za kidole.

Liko na jambo jingine la kupiga Windows lisilosemwa. Nakala ile mpya aghalabu si ya kununuliwa. Ni nakala iliyovunjwa kufuli, na programu ya kuvunjia kufuli mara nyingi haifanyi kazi mpaka kinga ya kompyuta izimwe kwanza. Tena mara nyingi ni Windows 10, ambayo matengenezo yake ya kawaida kutoka Microsoft yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu alikuja na mlango uliokwama, akarudi na nyumba isiyo na mlango.

Ye yote anayedhani kwamba kutafuta kasoro moja ni mchezo wa watu wasio na kazi, na akumbuke yaliyotokea siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta za mashirika makubwa, ilipeleka sahihisho kwa wateja wake, na ndani yake mlikuwa na faili moja lenye kasoro. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa kisio la Microsoft, zikaanguka kwa muda mfupi. Zilitoa kioo cha buluu, zikajiwasha upya, zikaanguka tena. Nyingi hazikufika hata penye neno la siri. Maelfu ya safari za ndege zikafutwa, na madaktari katika nchi zilizoendelea wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Hali ile ilikuwa mbaya kuliko maradhi yetu ya mlangoni. Na dawa yake ilikuwa nini? Kuiamsha kompyuta katika hali iitwayo "Safe Mode", ambayo Windows huamka na vitu vya lazima tu bila madoido, kisha kufuta faili lile moja, na kuwasha upya. Mafundi walipita kompyuta moja moja, siku baada ya siku, wakifanya hivyo. Hawakuambiwa wafute kila kitu.

Sasa nije nyumbani. Muhula huu huu laptopu ya ofisi ya taaluma iliganda. Betri yake ilikufa zamani, nayo huishi kwa waya tu, kama vile laptopu nyingi za Mbagala. Na hapa niseme kidogo, maana hili ndilo chanzo cha maradhi mengi niliyoyaona kibandani. Laptopu yenye betri nzima, umeme ukikatika, haina habari. Laptopu yenye betri mfu huzimika papo hapo, na ikiwa ilikuwa katikati ya kuandika kitu katika diski, kitu kile hubaki nusu. Ikiwa nusu hiyo ni sehemu ya Windows yenyewe, asubuhi utakuta mlango haufunguki. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Jioni kompyuta ilikuwa ikipokea masahihisho, umeme ukakatika, na kesho yake kiduara kikazunguka mpaka kengele ya mapumziko. Ndani yake zilikuwamo alama za upimaji endelevu za Kidato cha Nne.

Wako waliotaka ipelekwe mjini upesi. Mwalimu wa taaluma, nampa shukrani zangu, alikubali wanafunzi watatu tujaribu kwanza, yeye mwenyewe akiwa ameketi kando, kwa sharti moja: tusibonyeze kitu cho chote kabla ya kumsomea kwa sauti maana yake. Sharti hili lilitusaidia kuliko nilivyotazamia. Mara mbili tulipotaka kusoma, tuliona kwamba hatukuelewa, tukarudi nyuma.

Tuliondoa kwanza kila kilichochomekwa: waya wa printa, kipanya, na flashi iliyosahauliwa ubavuni. Kifaa kibovu cha nje chaweza kuishika kompyuta nzima isiendelee. Tukabonyeza Caps Lock, tukaona kitaa chake chawaka na kuzimika. Maana yake mashine inasikia, haikuganda mwili mzima. Kama kitaa kisingejibu, tungeshikilia kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde kumi na zaidi mpaka izimike kabisa, tungechomoa chaja, na kuiacha ipumzike kabla ya kuiwasha. Tukatazama pia kama tumbo la kompyuta limevimba. Betri mbovu huvimba, ikasukuma kibodi na kibao cha kugusia kutoka chini, na mtu akadhani mshale umeganda. Betri ya namna hiyo haichezewi. Huwekwa mbali, wala haichajiwi tena.

Kisha tulifanya kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Tulingoja saa nzima bila kugusa, kwa sababu Windows iliyokatizwa katika masahihisho pengine hujimalizia yenyewe ikiachwa. Mwenzangu mmoja alikuwa kama ameketi juu ya siafu. Saa ilipita bila faida, lakini sijutii: kuizima kabla ya wakati kungeweza kuongeza jeraha.

Penye kioo cha neno la siri, pembeni chini, mna alama ya kuzimia. Tulishikilia kitufe cha Shift, na huku tumekishikilia tukachagua "Restart". Kikaja kioo cha buluu chenye machaguo. (Kwa yule ambaye mshale wake haujongei hata kidogo, iko njia nyingine: kuiwasha na kuizima kwa kitufe katikati ya kuamka, mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida Windows itang'amua kwamba haiamki, nayo itafungua kioo hicho hicho yenyewe.) Tukachagua "Troubleshoot", ndani yake machaguo ya zaidi, ndani yake hali za kuamkia, ikajiwasha upya, tukabonyeza tarakimu 4. Mwalimu akaandika neno la siri, na mlango ukafunguka. Kioo kilikuwa cheusi na maneno "Safe Mode" pembe zote nne, hakipendezi kabisa, lakini mafolda yote yalikuwamo.

Mwalimu alitaka kushangilia. Nikamwomba radhi tusifurahi bado. Kabla ya kutengeneza kitu cho chote tulinakili alama zote katika flashi mbili, tukazifungua flashi hizo katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba nakala zasomeka. Hapa ndipo kiini cha maneno yangu yote: okoa vyombo kwanza, ndipo utengeneze mlango. Baada ya hayo tulirudi katika kioo cha buluu, tukachagua kuondoa sahihisho la mwisho lililoingia. Ilichukua dakika zipatazo ishirini. Saa kumi na nusu jioni kompyuta iliamka kama kawaida. Siku ya pili tuliipa tena sahihisho lile lile, umeme ukiwa umetulia, ikalipokea bila neno.

Sitaki mtu adhani kwamba njia hii hufaulu kila mara. Pengine kosa ni programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana. Hizo huondolewa humo humo katika "Safe Mode". Pengine diski imejaa pomoni, Windows haina mahali pa kuvutia pumzi. Pengine ni vumbi na joto la huku kwetu, na kompyuta hupata nafuu feni ikisafishwa. Na pengine hata "Safe Mode" haifunguki. Hapo mjomba wangu hutumia flashi yenye Ubuntu, mfumo ambao hutolewa bure. Kompyuta huamka kutoka katika flashi badala ya diski yake, na mafaili hunakiliwa kama maji yanavyotekwa kisimani kwa ndoo ya jirani. Lakini diski ikitoa sauti ya kugonga au kukwaruza, zima, usiiwashe tena kwa kujaribu-jaribu. Diski ya namna hiyo kila ikizunguka yajila. Huyo mpelekee fundi, na umwambie neno lako la kwanza kabla hata ya salamu kwisha: mafaili kwanza.

Iko na hatari moja ambayo wazee wetu waliowanunulia watoto laptopu mpya waijue. Nyingi zenye Windows 11 hufungwa kwa kufuli la BitLocker tangu siku ya kwanza. Ukiingia katika machaguo yale ya matengenezo, zaweza kukuomba tarakimu 48. Tarakimu hizo kwa kawaida zimehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeifungua kompyuta mara ya kwanza. Kama mtu huyo ni muuza duka aliyetumia akaunti yake mwenyewe ili akusaidie, basi vyombo vyako vimefungiwa kwa ufunguo wa mtu mwingine, na hata Ubuntu haitakufaa. Kaziandike leo, kompyuta ikiwa nzima.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya walimu. Watasema wanafunzi wakiruhusiwa kushika kompyuta za ofisi wataziharibu, tena wataona mitihani. La mitihani nalikubali, na ndiyo maana mwalimu alikaa nasi, na ndiyo maana folda ya mitihani aliinakili kwa mkono wake sisi tumegeuka. La kuharibu silikubali. Katika yote niliyoyasimulia hatukufungua skrubu hata moja, wala hatukufuta faili hata moja. Machaguo ya kuogopwa katika kioo kile ni machache, na kubwa lao ni lile la kuirudisha kompyuta ilivyotoka kiwandani, ambalo likikubaliwa bila kusomwa laweza kufuta kila kitu. Mtu anayesoma kwa sauti kabla ya kubonyeza hawezi kulipita kwa bahati mbaya.

Hofu ya mashine hizi ina historia katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikawa kitu cha wataalamu wachache. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilipita miaka mingi kabla ya marufuku ile kulegezwa. Leo mambo yamegeuka kabisa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na katika nyumba nyingi za Charambe na Kijichi utakuta laptopu moja mezani, imenunuliwa mtumba. Mashine zimekuja, elimu ya kuziuguza haikuja pamoja nazo. Katika somo la kompyuta mwanafunzi aweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya vifaa vya kuingizia na vya kutolea habari, na akapata alama zote. Mwulize kioo kikiganda afanye nini, atakutazama kama mtu aliyeulizwa nauli ya kwenda mwezini.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa Mkuu wa Shule na kwa kamati ya wazazi. La kwanza ni betri mpya kwa laptopu ya taaluma, kabla ya rangi mpya ya ukuta wa ofisi. Najua rangi huonekana na wageni na betri haionekani. La pili, alama zinakiliwe kila Ijumaa katika flashi mbili, moja ikae katika kabati la chuma na nyingine kwa Makamu Mkuu, maana flashi inayokaa ubavuni mwa kompyuta ileile huibiwa pamoja nayo.

La tatu ni darasa la Jumamosi moja kila mwezi, ambamo wanafunzi na wazazi wataleta laptopu zao mbovu, mwalimu akiwapo, na tutazitazama pamoja kwa sharti lile la kusoma kwa sauti. Chumba kipo. Mjomba wangu amekubali kuja mara ya kwanza bila malipo na flashi yake ya Ubuntu, ijapokuwa amesema waziwazi kwamba hatarudi ikiwa watu watamletea pasi na redio. Nami nimekwisha kununua daftari kubwa, nimeliacha mezani kwa mwalimu wa taaluma. Kila kompyuta ya shule ina ukurasa wake: siku iliyougua, dalili zake, yaliyofanywa na kwa utaratibu gani, na mahali nakala zilipo. Ukurasa wa laptopu ya taaluma umekwisha kujaa. Kurasa za kompyuta za maktaba ni tupu, na mbili kati yake, nimeambiwa, zimeganda tangu muhula uliopita.